Poti Namba Saba

Mlango wa kituo cha polisi ulilia kwanza, ndipo Bi Arafa akaonekana. Amebeba bakuli la wali lililofungwa kwa kitambaa, na hasira isiyofungwa na kitu.

"Shikamoo, mama," alisema Mkaguzi Clotilda kutoka nyuma ya kaunta.

"Marahaba. Mwanangu ameshakula?"

"Bado."

"Atakula nini hapa? Hata mlango wenu una njaa, sikia unavyolia." Bi Arafa aliigusa bawaba, akakitazama kidole chake kilichotoka na kutu. "Marehemu kaka yangu Mansuri angepita hapa, angeupaka mafuta ya nazi kabla hajawasalimu. Chuma chochote kinacholiwa na chumvi ya bahari, yeye na kichupa chake. Baiskeli ya jirani, redio, hata vikorokoro vya kompyuta kazini kwake. Walikuwa wakimcheka."

"Acha bakuli, mama. Nitampelekea mwenyewe."

"Umpelekee na haki yake, afande. Wali peke yake haushibishi."

Mwanasiti, binti wa huyo Mansuri, alikuwa mahabusu tangu Jumatano asubuhi. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu. Saa nane mchana gari lingekuja kumpeleka mahakamani, na hati ya mashtaka ilikuwa imeshapigwa chapa. Bado sahihi tu, na sahihi hiyo ilikuwa ya Clotilda.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kituo cha Kasa, kilichoko kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, kilikuwa na ramani ya viota kumi na sita katika pwani ya Bweni, kila kiota na mahali pake na siku zake. Jumatatu saa kumi alasiri mtu aliifungua ramani hiyo akainakili. Kulipokucha Jumanne, viota vitano vilikuwa mashimo matupu. Kompyuta inayotunza ramani ilikuwa imeandika anwani ya mashine iliyonakili: herufi na tarakimu kumi na mbili ambazo kiwanda huipa kila mashine, kama namba ya chasi ya gari. Fundi wa mtandao, Luqmani, aliitafuta anwani hiyo, akaiona inapita kwenye poti namba saba, yaani tundu la saba la sanduku linalogawa waya za ofisi. Kwenye mchoro wa ukutani, saba ilikuwa chumba cha Mwanasiti, mtunza kumbukumbu.

Anwani haikuwa ya kompyuta yake ya ofisini. Basi ikasemwa alileta laptopu ya pembeni. Askari walipekua chumba, wakapekua nyumba, wakapekua hata banda la kuku. Laptopu haikuonekana.

Hapo ndipo Clotilda alipokwama. Alikuwa amekamata mtu, hajakamata kitu.

Mwanasiti alikula matonge mawili akaweka bakuli chini.

"Laptopu iko wapi?"

"Sina, afande. Ya baba ilikufa kabla yake, Mungu amrehemu."

"Luqmani anasema poti saba ni wewe."

"Luqmani hasemi uongo. Waya wa chumba changu unaingia saba. Baba aliufunga kwa mkono wake."

"Sasa?"

"Sasa sijui." Aliinua macho. "Lakini kiota namba kumi na moja leo kina siku hamsini na saba. Wakati wowote watoto wa kasa watatoka. Kuna mtu anakilinda?"

"Uko mahabusu, unaniuliza mayai?"

"Mayai hayajashtakiwa, afande."

Clotilda aliikunja hati ya mashtaka, akaitia mfukoni bila sahihi, akaita bodaboda.

*

Mkuu wa Kituo cha Kasa, Bwana Rabson, alimpokea barazani. Alikuwa mtu mwembamba, kalamu tatu mfukoni, na haraka ya mtu anayetaka jambo lifungwe.

"Nilidhani tumemaliza, afande."

"Nilidhani hivyo pia. Nani analinda viota vilivyobaki?"

"Hakuna. Nimewasimamisha walinzi wote. Binti ni wa Bweni, walinzi ni wa Bweni. Mpaka mahakama iseme."

"Na mwizi naye umemsimamisha?"

Rabson alikohoa. Clotilda alimpita akaingia ndani.

Chumba cha mitambo kilikuwa kidogo kama choo cha wageni. Fundi Luqmani alikuwa ndani, mtu wa miaka thelathini na mitano, mzaliwa wa hapa hapa kisiwani Mafia, aliyejifunza kazi chini ya Mansuri na kurithi meza yake mwaka jana. Alimwamkia bila kumtazama usoni. Ukutani palikuwa na swichi: sanduku jembamba la chuma, matundu ishirini na manne, mengine yana waya na taa za kijani zinazopepesa, mengine yamezibwa kwa utepe mweusi.

"Haya yaliyozibwa?"

"Yameliwa na kutu, afande. Hewa ya hapa haina huruma."

"Nieleze sanduku hili kama unavyomweleza mtu asiyejua. Usiruke kitu."

Luqmani alijifuta jasho. Lakini alipoanza, sauti yake ilitulia, kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Kazi yake ni moja. Pakiti, kipande cha ujumbe, inaingia kwa poti moja, nalo linachagua itokee poti ipi. Kila pakiti ina anwani mbili: imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani."

"Linajuaje nani yuko poti gani? Uliliandikia wewe?"

"Hapana. Linajifunza lenyewe. Pakiti ikiingia kwa poti ya tatu, imeandikwa 'natoka kwa fulani', linaandika kwenye daftari lake: fulani, upande wa tatu. Baadaye mtu akimtumia fulani kitu, linatazama daftari, linakitoa kwa tatu tu. Wengine hawasumbuliwi."

"Na kama fulani hayumo daftarini?"

"Linaitoa pakiti kwa poti zote, isipokuwa ile iliyoingilia. Kama kupiga mbiu mtaa mzima. Mwenyewe akiitika, jibu lake linapita hapa, nalo linaandika alikotokea."

"Na kama anayetuma na anayetumiwa wako upande mmoja?"

"Halifanyi kitu. Linaiacha pakiti ife. Wameshasikilizana huko huko."

Kalamu ya Clotilda ilisimama.

"Subiri. Wako upande mmoja, maana yake poti moja inaweza kuwa na watu wawili nyuma yake?"

Luqmani aligeukia mchoro wa ukutani. "Kwa nadharia, afande. Hapa kwetu kila poti ina chumba chake. Mchoro ule pale."

"Mchoro nimeuona. Daftari la swichi, likishaandika, halifuti?"

"Linafuta. Asiyesema neno kwa dakika tano, jina lake linaondolewa."

Clotilda aliandika *dakika tano*, akapigia mstari.

"Fungua daftari. Itafute anwani ya mwizi."

Vidole vya Luqmani vilikimbia. "Haimo."

"Iite."

"Naam?"

"Umesema asiyemo daftarini anapigiwa mbiu. Piga mbiu."

Luqmani aliandika amri, akabonyeza. Taa zote za swichi ziliruka kwa pamoja, kama kuku waliomwagiwa mtama. Kisha kwenye kioo cha kompyuta mstari mmoja ukajiandika, ukafuatwa na wa pili, na wa tatu.

"Inaitika," alinong'ona.

"Poti gani?"

"Saba."

Bwana Rabson, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga makofi mara moja. "Si unaona? Yule yule!"

Clotilda alitoa funguo mfukoni akazining'iniza mbele yake. "Chumba cha Mwanasiti nilikifunga kwa kufuli langu jana, saa tatu asubuhi. Yeye yuko mahabusu, anakula wali wa shangazi yake. Ni nani anayeitika?"

"Laptopu imo ndani inawaka. Mmepekua vibaya."

"Twende tukapekue vizuri, basi. Fundi, baki hapa, simu sikioni."

*

Chumba kilikuwa na meza, feni, kabati lenye mafaili na kompyuta iliyozimwa. Clotilda alichomoa droo zote. Alipiga magoti akachungulia chini ya kabati, akapanda kiti akachungulia juu yake. Halafu akaushika waya wa mtandao pale unapoingia kwenye tundu la ukutani, akauchomoa.

"Fundi, bado inaitika?"

"Bado, afande," ilisema simu.

"Poti?"

"Saba ile ile."

Bwana Rabson aliutazama waya mkononi mwa Clotilda, akautazama ukuta. Haraka yote ilimtoka.

Clotilda aliporudi chumba cha mitambo, alifunga mlango nyuma yake.

"Luqmani. Nani mwingine yuko poti saba?"

"Hakuna, wallahi."

"Funguo za chumba hiki anazo nani?"

"Mimi."

"Anayejua anwani zote ni nani?"

"Mimi."

"Aliyesema saba ni Mwanasiti?"

"Mimi, afande."

"Toa laptopu yako."

Aliitoa. Clotilda alisoma anwani yake herufi kwa herufi, akailinganisha na ile iliyomo kwenye faili. Hazikufanana hata mwanzo. Jumatatu saa kumi, Luqmani alisema, alikuwa msikitini kwa alasiri, kisha dukani kwa Warda kununua vocha. Clotilda alimpigia Warda papo hapo. Warda alisema ndiyo, tena alisahau chenji yake, aifuate.

Basi, si yeye. Lakini kuna jambo analijua na hajui kwamba analijua.

Clotilda alirudi chumbani kwa Mwanasiti peke yake, akainamia tundu la ukutani. Ncha ya waya ilikuwa bado mezani. Sisimizi watatu walikuwa wakiizunguka. Alipotazama vizuri, aliona wengine wakitoka tunduni, mmoja mmoja, wengine wakirudi humo, safari isiyo na mwisho. Sisimizi hawafuati plastiki. Aliinua ile ncha akainusa.

Mafuta ya nazi.

"Vikorokoro vya kompyuta kazini kwake," Bi Arafa alikuwa amesema. "Walikuwa wakimcheka."

"Luqmani!" aliita. "Njoo. Bwana Rabson, wewe kaa kwenye kile kioo, utazame kama inaitika. Huna haja ya kuelewa, soma tu."

Luqmani alipoonyeshwa sisimizi alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi. "Mzee huyo. Alikuwa anapaka kila ncha kabla ya kuichomeka. Nilimwambia vitabu vinakataza. Akanijibu vitabu havijaishi Mafia."

"Ncha hii aliipaka. Ile iliyoko kwenye swichi?"

"Ile niliibadilisha mimi mwezi uliopita. Kavu."

"Kwa hiyo sisimizi hawaendi kwenye swichi. Wanakwenda wapi?"

Walitoka ukumbini. Mstari mwembamba ulionekana ukitoka kwenye ufa juu ya fremu ya mlango, ukatembea na mfereji wa waya, ukapita chumba cha mitambo bila kuingia, ukapinda kushoto, ukazama juu ya mlango wa stoo.

Stoo ilijaa maboya, kamba na jaketi za kuokolea. Clotilda alizitupa jaketi pembeni moja moja. Nyuma ya ile ya mwisho, kwenye rafu ya chini, kilikaa kisanduku cheupe cha matundu matano, taa zake zinawaka, sisimizi wamekivaa kama kofia. Juu yake kilibandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya mkono yaliyotulia:

*Ya muda. Siku mbili tu. M.*

Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Luqmani alikaa chini juu ya boya.

"Poti ya tisa ililiwa na kutu," alisema polepole. "Mzee akasema, tuchukue saba, tuigawe hapa, mpaka swichi mpya ije. Haikuja. Na mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nilishika tochi hapa hapa, afande, na nimesahau. Nikasimama mbele yenu nikasema saba ni Mwanasiti. Binti yake!"

"Utajilaumu baadaye. Sasa nihesabie waya."

"Tatu. Huu unatoka kwenye swichi kubwa. Huu unakwenda kwa Mwanasiti. Na huu..." Aliufuata kwa kidole mpaka ukutani. "Huu unatoboa ukuta."

"Upande wa pili kuna nini?"

"Karakana ya boti. Tisa ilikuwa ya huko."

"Bwana Rabson!" Clotilda aliita. "Inaitika?"

"Inaitika!" ilijibu sauti ya mkuu kutoka ng'ambo ya ukumbi.

Clotilda akauchomoa waya wa tatu.

"Imenyamaza!" Rabson alipaza sauti. Na kabla hajamaliza, sauti nyingine ikapita ukutani, nene na yenye kero:

"Aa! Nani kakata tena? Luqmani! Penalti hiyo inapigwa, wewe unachezea waya?"

Luqmani na Clotilda walitazamana. Clotilda alirudisha waya taratibu.

"Imeitika!" Rabson alisema.

"Ahsante, bwana!" ilisema sauti ya ukutani.

*

Godlove, nahodha wa boti ya doria, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, miguu juu ya tairi, laptopu mapajani. Alipomwona Clotilda aliteremsha miguu, kisha akateremsha kioo cha laptopu, pole pole, kama mtu anayefunika chungu.

"Karibu, afande. Mnahangaika na yule binti bado?"

"Bado. Mpira wa nani?"

"Wa marudio tu."

"Naomba nione tumbo la hiyo laptopu."

"Ya shemeji yangu hii. Nimeazima."

"Shemeji yako hatakasirika nikiipindua."

Chini ya laptopu palikuwa na kibandiko cha kiwanda, kimechubuka pembeni. Clotilda alimpa Luqmani karatasi ya faili, yeye akasoma kibandiko kwa sauti, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Kila moja Luqmani alijibu "ndiyo." Ndiyo ya kumi na mbili ilisikika mpaka nje.

"Fungua kioo, nahodha."

Godlove hakufungua. Clotilda alifungua mwenyewe. Nyuma ya dirisha la mpira ilikuwa ramani ya Bweni, viota kumi na sita. Vitano vilikuwa vimewekewa alama ya msalaba. Namba kumi na moja ilikuwa imezungushiwa duara, na pembeni yake neno moja: *Alhamisi*.

"Leo ni siku gani, nahodha?"

Godlove alimtazama Bwana Rabson, aliyekuwa ameshafika mlangoni anahema. "Bosi, si ulisema mwenyewe kwamba swichi imemtaja binti?"

"Swichi haikumtaja mtu," alisema Clotilda. "Haijui vyumba wala majina. Inajua upande pakiti ilikotokea, basi. Jina tulilitia sisi." Alitoa pingu. "Mnunuzi wa mayai utanitajia njiani. Simama."

Godlove alisimama. Laptopu ikabaki juu ya kreti, mchezaji amesimama mbele ya mpira, hajapiga.

"Bwana Rabson," Clotilda alisema bila kugeuka, "una simu?"

"Ninayo."

"Walinzi wa Bweni wangapi?"

"Sita."

"Basi una simu sita za kupiga. Anza na samahani."

*

Saa saba na robo Clotilda aliweka hati ya mashtaka juu ya kaunta, akalikata jina la Mwanasiti kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi pembeni ya mstari. Askari wa zamu alitoa bahasha: simu, hereni, kitambulisho.

Mwanasiti alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ya ramani, ya karakana, ya penalti. Na ya kisanduku.

Luqmani alikuwa kwenye benchi, kisanduku cheupe kimo magotini mwake, amekifuta sisimizi wote. "Mimi ndiye niliyesema saba ni wewe," alisema akitazama sakafu. "Sikuuliza nyuma ya saba kuna nini. Nimekileta kama ushahidi. Ukitaka kunizaba kofi nacho, ni chepesi."

Mwanasiti alikichukua. Alisoma plasta. *Siku mbili tu.* Kidole chake kilipita juu ya ile M, kikapita tena.

"Alikuwa hivi hivi," alisema. "Nyumbani kuna bomba la siku mbili, tangu nilipokuwa darasa la tatu." Alimtazama Luqmani. "Ungekuwa mbele yake angekuzaba. Kisha angekupeleka kunywa kahawa."

"Najua."

"Kofi nakusamehe. Kahawa unanidai wewe au nakudai mimi?"

"Unanidai."

"Basi sikiliza. Kirudishe pale pale, afande akishakipiga picha. Halafu nenda kwenye mchoro, poti namba saba, uandike wote walioko nyuma yake. Wote. Usiseme ni cha muda."

Clotilda alisaini karatasi ya kutoa ushahidi kwa mkopo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaisukuma mbele ya Luqmani.

Mwanasiti aliwasha simu yake, ikapiga kelele mara tatu mfululizo. Aliisoma, na mkono uliokuwa umeshika hereni ukasimama hewani.

"Mlinzi wa Bweni. Amerudi zamu. Anasema mchanga wa kumi na moja umetitia katikati, kama kikombe."

"Maana yake?" aliuliza Clotilda.

"Maana yake wanapanda. Wako chini ya mchanga wanapanda, leo au kesho watakuwa baharini." Alikwisha kuwa mlangoni. "Bodaboda akinipeleka sasa hivi nitafika jua bado lipo."

Aliusukuma mlango, akajikaza kwa mazoea ya siku mbili, akingojea ule mlio.

Mlango ulifunguka kimya.

Bi Arafa alikuwa nje, amechuchumaa kando ya bawaba, kichupa mkononi, vidole vinang'aa mpaka kwenye viganja. Alimtazama mwana wa kaka yake kutoka chini, akalamba midomo iliyokauka.

"Nilikuwa nangoja," alisema. "Nikaona nisingoje bure."